Manowari ya Nuru

Mimi Kiingereza nilifundishwa na meli ya vita. Cheka tu, nimezoea. Watoto wa kambi nyingine za wakimbizi walifundishwa na vitabu vyenye picha za paka na mipira. Sisi wa darasa la Mwalimu tulifundishwa na manowari ya Waingereza ya wakati wa ile vita kuu ya pili, kwa sababu kitabu cha meli hiyo ndicho pekee alichokuwa nacho.

Namwita Mwalimu kwa kuwa sijapata kusikia mtu akimwita vingine. Marehemu mkewe mwenyewe alikuwa akimwita hivyohivyo: "Mwalimu, chakula kinapoa." Leo wanafunzi wake tumetawanyika, wengine Louisville, wengine Columbus, yeye yuko Buffalo kwa bintiye, na ukisema "Mwalimu" kwenye simu hakuna anayeuliza mwalimu yupi. Alizaliwa kilima gani huko Burundi, baba yake nani, hayo waulizwe wengine. Kambini Tanzania ukimuuliza mtu habari za kilima chake ulikuwa unamtonesha kidonda.

Nayasema haya kwa sababu majira ya baridi yaliyopita bintiye alinitumia ujumbe wa sauti. Nilikuwa mapumziko, ghalani ninapofanya kazi hapa Louisville. Binti huyo alikuja Marekani akiwa bado anabebwa mgongoni, hakuwahi kukaa darasani kwa baba yake. Sasa ni mtu mzima, anafanya kazi ya kuhudumia wazee.

"Dada," alisema, na nikajua analia, "kliniki wanataka kuandika kwamba akili ya baba imeharibika. Akiulizwa kitu anajibu mambo ya meli. Wanasema apelekwe nyumba ya wazee, ile ya kufungiwa mlango. Mimi nawaosha wazee wa watu kwenye nyumba hizo, dada, nazijua. Wewe ulisoma kwake. Njoo umsikilize uniambie ukweli, huyu ni baba au ni ugonjwa?"

Nilisikia aibu kabla ya kusikia huruma. Jamani, nikasema moyoni, mpaka kwa madaktari! Halafu nikaona aibu kwa kuona aibu.

Kitabu chenyewe kilifika kambini ndani ya boksi la misaada, pamoja na kalenda zilizokwisha muda wake. Jalada halikuwapo. Kurasa za mwanzo, zenye jina la meli, watu walikuwa wameshasokotea tumbaku. Kwa hiyo meli yetu hakuwa na jina, kama Mwalimu tu. Katikati palikuwa na mchoro wake, amepasuliwa ubavu kama samaki, unaona vyumba vyote ndani: boila, turbini, ghala la risasi, jiko la mabaharia. Nilijua kuita boila kwa Kiingereza kabla ya kijiko.

Umeona nimesema "meli hakuwa"? Hiyo ni kazi ya Mwalimu. Waingereza wakisema habari za meli husema "she", yaani yeye, mwanamke. Mwalimu akaona, kama wenyewe wanamheshimu hivyo, sisi ni nani? Akapiga marufuku "manowari hii". Ikawa manowari huyu. Manowari huyu ana mizinga ya inchi sita, miwili miwili. Manowari huyu anapenda mbio. Mwalimu wa Kiswahili, aliyekuwa akifundisha upande wa pili wa ukuta wa turubai, alikuwa akishika kichwa. Sisi wasichana tulikuwa wachache, tukafurahi mno. "Mnaona?" Mwalimu alituambia. "Mwenye nguvu huko baharini ni mwanamke, na ana dada zake." Maana meli zilizojengwa kwa mchoro mmoja, Waingereza huziita dada.

Na juu ya kila ukurasa yaliandikwa maneno mawili, aina ya meli: light cruiser. Cruiser tulielezwa ni manowari ya mwendo mrefu. Light tuliijua wote, ilikuwa kwenye Biblia ya Kiingereza ya mchungaji. Light ni nuru. Basi Mwalimu akatafsiri bila wasiwasi: manowari ya nuru. Mchungaji alipopata habari akamwalika kanisani. Mwalimu akasimama na shati lake jeupe, akatuambia kwamba kule baharini wako manowari wazito, wenye deraya nene, yaani ngozi ya chuma, wanaojitegemea wenyewe, na yuko wa nuru, mwenye deraya nyembamba, anayekwenda kwa imani. Akina mama wakapiga vigelegele. Mimi nilikuwa kwaya, nilipiga pia.

Somo alilolipenda kuliko yote lilikuwa la uzito wa juu. Wabunifu walitaka meli mdogo, wa mbio, asiye ghali, ili wapate kujenga wengi. Halafu vita ikaleta ndege, wakamwongezea mizinga ya kutungulia ndege. Ikaleta rada, wakamwongezea rada. Wakaongeza na mabaharia wa kuvitumia vyote hivyo. Kila kitu kikawekwa juu, naye akaanza kuyumba vibaya. Mwisho ikabidi wang'oe jozi moja ya mizinga ya nyuma, pamoja na nyumba yake nzima ya chuma, ili asipinduke. Mwalimu alikuwa akilieleza hilo kwa kujibebesha vitabu na viti kichwani mpaka tunapiga kelele.

"Uzito wa juu!" alikuwa akimwambia mama anayepita na ndoo kichwani, mtoto mgongoni na kuni kwapani. Kijana akitaja habari ya mke wa pili: "Uzito wa juu!" Mpaka leo sisi wanafunzi wake, mwenzetu akichukua shifti ya pili huku ana watoto wadogo, tunampigia kumwambia neno hilo hilo, naye anajua.

Lakini usidhani alipenda vita. Tulipofika kwenye kurasa za mapigano alikuwa akisema, "Someni kimya kimya," anatoka nje anasimama juani akitupa mgongo. Alipenda jinsi manowari alivyoundwa na jinsi alivyotengenezwa kila alipoumia. Jinsi alivyopigwa hakutaka kusikia. Ukurasa wa mwisho alitukataza kabisa. Mimi mtundu nilichungulia. Ulisema kwamba vita ilipokwisha aliuzwa kwa wavunja meli, wakamkata vipande vya chuma.

Na maji aliyaogopa, wee! Watu wa kwetu wengi walikimbia kwa kuvuka ziwa. Yeye alizunguka kwa miguu, siku nyingi, na mke mjamzito, kwa kukataa tu mtumbwi. Tukimtania anajibu, "Mtu anaweza kumjua Mungu bila kupanda mbinguni."

Hakuwahi kutupiga. Ukikosea anafumba macho kama mtu aliyeuma kokoto, kisha anasema, "Simama. Sema vizuri." Nawe unasimama na kusema upya, hata kama unalia. Zoezi la kwanza la kila mwanafunzi lilikuwa kujieleza nafsi yake, na alijieleza kama kitabu kilivyomweleza meli. Unasema zilipowekwa mbao za kwanza za kujengwa kwako, uliposhushwa majini, ulipokamilishwa vifaa, na sasa uko katika utumishi wapi. Tulikuwa tukiimba maneno hayo njiani tukienda kuteka maji.

Ndiyo maneno niliyokuja nayo Louisville.

Kwenye usaili wa kazi yangu ya kwanza meneja aliniambia, "Haya, nieleze habari zako." Nikasimama. Nikamwambia, kwa sauti, kwamba ujenzi wangu ulianza Burundi, nilikamilishwa Tanzania, na niko tayari kuingia katika utumishi Kentucky. Yule bwana alicheka hadi akavua miwani. Kazi alinipa, nakubali, ila tangu siku hiyo ghala zima likaniita Kapteni. Wiki hiyohiyo msimamizi akaniambia nibebe maboksi ya "light" tu. Nikaanza kutafuta yenye taa. Nilifungua la kwanza, nikakuta taulo. La pili, taulo. Akanifuata akaninyanyulia boksi kwa mkono mmoja, akalirusha juu kidogo, akalidaka: light, unaona? Jepesi.

Nilisimama pale na taulo mikononi. Kumbe. Manowari ya nuru, vigelegele vyote vile, mahubiri yote yale, kumbe alikuwa manowari mwepesi tu. Uso uliniwaka kana kwamba watu wa ghala walikuwepo kanisani siku ile. Tangu hapo nikaanza kukichambua Kiingereza changu kama mchele, natoa meli kokoto kwa kokoto, mpaka watoto wangu wakaacha kunisahihisha. Watu wakiniuliza nilijifunzia wapi nilikuwa nacheka, nageuza mazungumzo.

Wenzangu hawakuchambua. Kwenye harusi moja Columbus, mshereheshaji alikuwa mwanafunzi mwenzetu, na upande wa bwana harusi walikuwepo Wamarekani. Akashika kipaza sauti, akatangaza kwa Kiingereza kwamba bibi harusi alishushwa majini na mama yake, akapakwa rangi na shangazi zake, na leo anakabidhiwa rasmi, aanze utumishi. Wageni walianguka kwa vicheko. Mwanangu akaingia chini ya meza. "Mama, please," alinong'ona, "twende." Mimi nilitazama sahani yangu. Nilipoinua macho nikamwona Mwalimu, amekaa mbele kwenye kiti cha heshima, midomo yake ikilifuata kila neno, amefumba macho kwa raha. Hakuna kokoto hata moja aliyoiuma siku hiyo.

Buffalo Mwalimu anakaa mtaa wa Riverside, nyumba ndogo ya bintiye, na mto Niagara uko pale pale karibu. Hautazami. Kiti chake kimeupa mgongo mto. Mjini, ufukweni, kuna manowari mkongwe wa Kimarekani aliyefungwa kamba, watu hulipa kuingia kumtembelea. Wanafunzi wake tulichangamka siku moja tukampeleka, tukidhani atalia kwa furaha. Alimtazama kutoka maegesho ya magari, muda mrefu. "Mnene," akasema. "Si dada yetu." Akarudi garini akafunga mkanda.

Siku zake njema huenda mtaa wa Grant kununua dagaa na kusalimia. Mama mmoja Mkongomani mwenye duka pale aliniambia, "Ule muzee? Donc, ule ni mutu wa heshima. Anasemaka Kiingereza ya wazungu wa zamani, hata wazungu wa hapa hawaisikiake." Nilimshukuru, sikujua kama ni sifa au ni msiba.

Basi theluji ya majira hayo ya baridi ndiyo iliyomponza. Katika kitabu mlikuwa na sura ya bahari za kaskazini, manowari wetu alipokuwa akisindikiza meli za mizigo. Barafu ilikuwa ikiganda juu yake, kwenye mizinga na kamba, na mabaharia wakitoka na mashoka kuivunja asije akapinduka kwa uzito. Sasa theluji ya Buffalo ikalala juu ya paa la baraza, nzito. Mwalimu akapanda kiti na ufagio, anakwangua, huku anaita kwa Kiingereza, "Uzito wa juu! Uzito wa juu!" Jirani akampigia simu bintiye kazini. Binti akakumbuka na mengine: kwamba siku hizi anavaa viatu bila kufunga kamba, kwamba hataki kitanda analala kitini, kwamba akiulizwa "baba unaendeleaje" anajibu kwa maneno ya meli. Akampeleka kliniki ya kumbukumbu, kwa mapenzi tu, na huko ndiko yalikozuka hayo ya nyumba ya wazee.

Niliendesha gari kutoka Highview, mtaa wetu wa Louisville, nikalala Columbus kwa wenzetu, nikafika Buffalo siku ya pili, siku ya kikao chake cha mwisho na daktari. Nilimkuta Mwalimu kwenye chumba cha kusubiri, bintiye pembeni, yeye ndani ya koti kubwa, viatu vimeachama. Alikuwa amepungua uso. Nilipiga goti kidogo kama tulivyofundishwa nyumbani.

"Shikamoo, Mwalimu."

"Marahaba, binti yangu. Umekuja." Akanivuta sikio karibu. "Wanataka kunipeleka kwa wavunjaji."

Ukurasa wa mwisho! Sikujua kama alijua kwamba nilichungulia. Nikamshika mkono, nikasema, "Hawakupeleki," nami sikuwa na hakika yoyote.

Daktari alikuwa mwanamke kijana, mpole. Alikuwa ameweka mezani kompyuta ndogo yenye mkalimani wa Kiswahili anayeongea kutoka mbali. Mwalimu akaigeuza ikatazama ukuta. "Mimi ni mwalimu wa Kiingereza," akamwambia, kwa Kiingereza. "Uliza."

"Haya, bwana. Unajua uko wapi sasa?"

"Gudini, bibi," Mwalimu akajibu. "Kwa matengenezo."

Daktari akaandika. Binti akafunika macho kwa kiganja. Mimi masikio yaliwaka moto, nikatamani sakafu inimeze.

"Na unajisikiaje?"

"Nimezama kupita alama. Vyumba vya chini vimeingia maji. Nimeinamia kushoto. Boila hazipandishi mvuke." Aliyasema pole pole, kila neno mahali pake, kama anasoma.

Daktari akaandika tena. Kalamu ile! Nilikuwa nikiisikia inavyokwaruza, na nikaelewa kwamba kila neno sahihi analosema linamsogeza kwenye mlango ule wa kufungwa. Na kwamba mle chumbani hakuna anayemsikia ila mimi, niliyetumia miaka kujitia sijui lugha hiyo.

"Daktari, samahani," nikasema. Sauti ilitoka nyembamba. "Hajachanganyikiwa. Anakujibu. Gudi ni mahali meli inapotengenezwa. Amekwambia yuko hospitali, anatibiwa."

Daktari akaniangalia. "Endelea."

"Anasema ana maji mwilini, huku chini. Anasema akilala lazima ainamie upande wa kushoto. Anasema hana pumzi." Na nilipokuwa nikiyasema ndipo nami nikayasikia. Viatu bila kamba. Kulala kitini. "Daktari, tafadhali, mwangalie miguu."

Mwalimu akaivuta chini ya kiti. Kumbe naye alikuwa na aibu yake! Miguu ile alikuwa akiificha, hakutaka wanawake waione, hata bintiye. "Mwalimu," nikamwambia kwa Kiswahili, "manowari akiwa gudini huonekana mpaka chini." Alifikiri. Kisha akanyoosha mguu mmoja.

Daktari akapiga magoti, akashusha soksi. Mguu ulikuwa umevimba, unang'aa. Akaubonyeza kwa kidole, na alipokitoa shimo likabaki, kama unavyobonyeza unga wa chapati. Binti akasema, "Mungu wangu, baba." Daktari akachukua kipimo chake, akasikiliza mgongo wa Mwalimu, kushoto, kulia, muda.

"Tangu lini?" akamuuliza yeye mwenyewe, si mimi.

"Tangu tulipoingia kwenye barafu," Mwalimu akasema.

"Tangu majira ya baridi yaanze," daktari akasema taratibu, na wala hakunitazama nimthibitishie. Akaiweka kalamu chini. Akatueleza kwamba moyo umechoka kusukuma, maji yamepanda mpaka mapafuni, na mtu asiyepata pumzi wala usingizi hata akili yake huchoka. Kwanza yatolewe maji. Mambo ya kumbukumbu haandiki lolote leo. Yatapimwa upya baadaye, nami niwepo, au mwingine aliyesoma darasa hilo. Mwalimu alitikisa kichwa kama mkaguzi aliyeridhika.

Tulipokuwa tunasimama daktari akanitabasamia. "Kiingereza chako kizuri sana," akasema. "Ulijifunzia wapi?"

Swali lile lile. Nililicheka Louisville miaka na miaka. Safari hii Mwalimu alikuwa amekaa pale pale, viatu vimeachama, akinitazama mdomo.

"Nilifundishwa na huyu," nikasema, nikiwa nimeinama nachukua mkoba.

Mwalimu akafumba macho. Kokoto.

"Simama," akaniambia. "Sema vizuri."

Mimi mama mzima, mbele ya daktari, mbele ya yule mkalimani anayeutazama ukuta! Niliweka mkoba chini. Nikasimama, mikono ubavuni, nikasema kwa sauti ya kambini, bila kutoa kokoto hata moja: ujenzi wangu ulianza Burundi, nilikamilishwa Tanzania na bwana huyu, na mpaka leo niko katika utumishi. Uso uliniwaka vile vile kama siku ya taulo. Sikuketi.

Mwalimu akafumbua macho. Akaninyooshea kidole, akamgeukia daktari.

"Light cruiser," akamwambia.

Daktari akalipokea alivyolijua yeye. Mimi nililipokea nilivyofundishwa.